Nani Kaandika Ile Karatasi?

Ndugu msomaji, usianze kuninyooshea kidole kabla hujafika mwisho. Sijakaa hapa kumtetea nguruwe. Nguruwe ni haramu, Qur'ani imelisema hilo zaidi ya mara moja, na halihitaji kijana aliyeishia kidato cha nne aje kulithibitisha ndani ya jarida la hadithi na mashairi. Ugomvi wangu mimi ni na karatasi. Ile karatasi ya namba za E. Kama huijui, basi hujawahi kutoka msikitini siku ya Ijumaa ukakuta mtu anagawa makaratasi mlangoni, wala huna simu.

Juu inasema TAHADHARI WAISLAMU, kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Chini yake namba zimepangwa foleni: E120, E322, E422, E441, E471, E472 na kuendelea. Mbele ya kila namba kuna neno moja, HARAMU, au maneno matatu, MAFUTA YA NGURUWE. Mwisho kuna amri: sambaza kwa wenzako upate thawabu. Kaka zetu waliipokea ikiwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, wino umefifia mpaka 3 na 8 ni mapacha. Sisi tunaipokea kwa WhatsApp, imepigwa picha ikiwa na mikunjo yake. Lakini ni ile ile. Haina jina la mwandishi. Haina tarehe. Haina mji. Haisemi nani alipima nini, wapi, wala kwa kitabu gani.

Mwenzetu mmoja wa kikundi, nilipomwambia naandika juu ya jambo hili, alicheka akasema: "Wewe malizia riwaya yako bwana, mambo ya halali na haramu waachie masheikh." Nakubaliana naye mia kwa mia. Ila namwomba akamwambie hivyo hivyo yule aliyeandika karatasi. Maana kama ni sheikh, mbona kaficha jina? Na kama si sheikh, nani kampa kalamu ya kuandika HARAMU mbele ya kitu? Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu amewaonya watu wanaotumia ndimi zao kupachika halali na haramu bila ujuzi. Aya hiyo hatuambiani. Tunaambiana namba.

Tena sisi tunaojifunza kuandika tuna kazi moja kabla ya kazi zote, nayo ni kusoma na kuuliza: nani anasema hapa, na amejuaje? Ukileta hadithi fupi kwenye kikao chetu cha Jumamosi, msimulizi wake hajulikani ni nani na anajua mambo asiyoweza kuyajua, watu watakurukia kama nyuki. Mimi nimerukiwa, nina ushahidi. Sasa inakuwaje maandishi yanayofunga riziki za watu yapite hivi hivi?

Tuanze na hiyo E yenyewe. E ni Ulaya. Wazungu walianza mwaka 1962 kuvipa namba viongezi vya vyakula vya viwandani, wakianzia na rangi. Namba maana yake ni kwamba kitu kimekaguliwa usalama wake na kimeruhusiwa kutumika kwao. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, kinatumia karibu namba hizo hizo bila ya E. Basi. Namba inakwambia kitu ni nini. Kimetoka wapi, haikwambii, na hapo ndipo karatasi nzima inapokwama.

Chukua E471, ambayo ndiyo bingwa wa karatasi hii. Imo kwenye mkate wa slesi, kwenye majarini, kwenye keki, kwenye aiskrimu. Kazi yake ni kuyapatanisha mafuta na maji, ambayo kwa asili yao hayapikiki chungu kimoja. Hutengenezwa kwa kupasha moto sana mafuta pamoja na gliserini mpaka yanagawana upya. Mafuta gani? Yoyote. Ya mawese, ya soya, ya alizeti, ya ng'ombe, na ndiyo, hata ya nguruwe. Ikishatoka kiwandani jina ni lile lile na namba ni ile ile. Kwa hiyo mtu anayekwambia E471 ni nguruwe hana tofauti na anayekwambia supu ni nguruwe. Supu ya nini, bwana?

Zipo namba zinazotaja asili yake zenyewe, sikatai. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu wadogo wanaoishi juu ya mipungate, hukaushwa, husagwa. E542 ni mifupa. Hizo ukiziona una haki ya kusimama na kuuliza, na wanazuoni wameshaulizana, Wamaliki wakiwa wepesi zaidi kwenye wadudu kuliko sisi Mashafi. Lakini ndani ya foleni ile ile ya HARAMU utaikuta na E322, ambayo mara nyingi hutoka kwenye soya, na nyingine kwenye mayai. Soya! Soya nani kaichinja vibaya?

Na kichekesho kuliko vyote ni E441. Karatasi inakwambia hiyo ni jelatini, ikimbie. Huko Ulaya kwenyewe jelatini haihesabiwi kuwa kiongezi. Inahesabiwa chakula, kwa hiyo kwenye pakiti haiandikwi kwa namba, inaandikwa kwa jina lake. Sasa mzee wa watu anashika pakiti ya pipi za kuvutika zilizotoka ng'ambo, anavaa miwani, anatafuta 441, haioni, anasema alhamdulillahi, anampa mjukuu. Jelatini imo, imeandikwa wazi herufi kwa herufi. Karatasi imemlinda na mkate wa mafuta ya mawese, ikamwacha mlango wazi kwa kile kile alichokuwa anakikimbia.

Jelatini ndiyo mahali penye mjadala wa kweli, na hapo ndipo ningependa tungekuwa tunabishania, badala ya mkate. Jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama kwa kuchemshwa na kutiwa dawa. Nguruwe yumo, ng'ombe yumo, samaki yumo. Swali la wanafiqhi ni la zamani kuliko viwanda: kitu najisi kikigeuka kikawa kitu kingine kabisa, je, kimetakasika? Wanaita istihala. Mahanafi wana mfano wao maarufu wa punda aliyetumbukia kwenye mgodi wa chumvi mpaka naye akawa chumvi. Wanasema hiyo sasa ni chumvi. Mashafi, tuliokulia kwenye vyuo vya pwani hii, mlango wetu ni mwembamba: mvinyo ukigeuka siki wenyewe, ngozi ya mzoga ikitiwa dibaghi, tena siyo ya mbwa wala ya nguruwe, na machache mengine.

Na wa leo nao wametofautiana, kwa majina yao na kwa tarehe. Mwaka 1986, mjini Amman, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu iliamua kwamba haijuzu kwa Muislamu kutumia jelatini ya nguruwe, kwa kuwa mimea na wanyama waliochinjwa kisheria wanatosha. Mwaka 1995, mjini Kuwait, semina ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, yenye wanafiqhi na madaktari pamoja, ikasema kinyume: jelatini iliyotokana na kugeuka kwa ngozi na mifupa ya mnyama najisi ni tohara na inajuzu kuliwa. Mimi jelatini ya nguruwe siili. Amman wamenitosha, na punda wa Mahanafi sijamwelewa vizuri mpaka leo. Ila siwezi kumwita mtu wa Kuwait mla nguruwe, maana amenionyesha njia aliyopita hadi akafika alipofika. Karatasi haijanionyesha hata hatua moja.

Na usidhani haya ni ya pipi tu. Yale maganda ya dawa, kapsuli, nyingi hutengenezwa kwa jelatini. Mwenye karatasi mkononi na homa kitandani atafanya nini? Karatasi haina mstari wa dharura. Qur'ani inao, tena mara nyingi imeuweka palepale ilipokataza: aliyelazimika, pasipo kutamani wala kupita kiasi, hana dhambi. Yaani aliyeandika karatasi amekata nusu ya aya na kutubakishia nusu.

Nije nyumbani sasa. Mama yangu mdogo alikuwa anauza keki za vikombe na barafu nje ya madrasa moja, jijini Dar es Salaam. Mtaji wake ulikuwa jiko la mkaa, sufuria la mchanga na ndoo ya mafuta ya keki. Ikifika Alasiri sinia limekwisha. Siku moja ustadh akaisoma karatasi mbele ya watoto, kisha akatoka nje, akaigeuza ndoo, akaona 471, akaiweka chini. Hakumtukana. Alisema tu, "Mama, hii mbona ndiyo yenyewe?" Ilitosha. Wiki ile ile watoto wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, wengine wanakimbia kabisa, wameambiwa moto.

Mimi nilikwenda nikaisoma ndoo. Baada ya 471 kulikuwa na maneno ya Kiingereza, madogo lakini yanasomeka, kwamba hiyo E471 asili yake ni mimea. Nikataka kuibeba ndoo nimpelekee ustadh. Mama mdogo akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "nikienda kubishana, mtaa wote watasema yule mama anatetea nguruwe wake." Sasa anakaanga mihogo. Mihogo haina namba. Lakini mihogo faida yake ni ndogo, na binti yake alikuwa anasomeshwa na zile keki.

Hapa najua nitajibiwa nini, maana nimeshajibiwa mara nyingi barazani. Nitaambiwa: kijana, penye shaka, acha. Nitasomewa hadithi ya Nu'man bin Bashir, kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, katikati mna yenye utata, na anayejiepusha nayo ameilinda dini yake na heshima yake. Nami nasema hadithi hiyo iko juu ya kichwa changu. Ila isomeni kama wasomaji. Inamzungumzia mtu na dini yake, na heshima yake. Kujichunga ni kwa mdomo wako. Ukiona ndoo ina shaka, usinunue, nenda zako, Mungu akulipe. Ukiipandisha shaka yako mimbari ikawa hukumu juu ya sinia la mwenzio, hapo umeshatoka kwenye kujichunga, umeingia kwenye kuhukumu, na kuhukumu kunataka ushahidi.

Na mbona ile nyingine hamtusomei, ya Bibi Aisha, katika Bukhari? Watu walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakasema wanaletewa nyama na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama walitaja jina la Mwenyezi Mungu walipochinja. Hakuwatuma wakachunguze nyumba za watu. Aliwaambia walitaje wao, wale. Masahaba walipofika Iraq walikula jibini la Wamajusi, na jibini huganda kwa kitu kinachotoka tumboni mwa mnyama aliyechinjwa na Majusi, ambaye machinjo yake hayaliwi. Wanazuoni wamebishana juu ya jibini lile karne na karne, kwa adabu, kwa hoja. Huo ndio babu wa mjadala wa E471. Hatukuanza sisi, ila sisi tumeuharibu.

Nimesema karatasi haina mwandishi. Ina ndugu, hata hivyo, na ndugu yake namjua. Mwaka 1976 huko Ufaransa ilizuka karatasi iliyopigwa taipu, ikijidai inatoka hospitali ya Villejuif, karibu na Paris, palipo na taasisi kubwa ya saratani ya Gustave Roussy. Nayo ilikuwa na foleni ya namba za E, safari hii si haramu bali sumu na saratani. Iliyotajwa kuwa hatari kuliko zote ilikuwa E330. Unajua E330 ni nini? Asidi ya sitriki. Ukali wa ndimu! Taasisi ikakanusha, ikasema hatuijui karatasi hii, lakini wapi. Watu waliendelea kuitoa fotokopi miaka na miaka, ikavuka mipaka ya Ulaya, ikabandikwa mashuleni na mahospitalini. Maelezo yanayotolewa sana juu ya chanzo cha kosa ni haya: asidi hiyo imo katika mzunguko wa kemia wa mwili unaoitwa mzunguko wa Krebs, kwa jina la Hans Krebs, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1953. Na neno hilo kwa Kijerumani ni kaa, tena ni saratani, kama vile saratani yetu ilivyotokana na neno la Kiarabu la kaa. Mtu akasoma jina la mtu akadhani ni jina la ugonjwa. Ndimu ikawa muuaji.

Karatasi yetu ya halali inatembea kwa miguu ile ile. Inaomba isambazwe, haiombi ichunguzwe. Inamtumia mtu mwema. Wanaoigawa siyo wabaya hata kidogo, ni wazazi, ni walimu, ni vijana wenye mapenzi na dini yao, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba mapenzi hayo yote yanabeba mzigo usiojulikana nani kaufunga.

Wenzetu wa Indonesia ni Mashafi kama sisi na yaliwakuta haya haya. Mwaka 1988 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brawijaya, mjini Malang, aliandika juu ya vyakula vinavyoshukiwa kuwa na vitu vya nguruwe. Orodha zikaanza kunakiliwa na kuzunguka, watu wakaingiwa hofu, bidhaa zikadoda madukani. Wao hawakuishia kwenye fotokopi. Januari 1989 Baraza la Wanazuoni la nchi hiyo, MUI, likaunda taasisi yake ya kukagua vyakula na dawa, LPPOM, yenye watu wa maabara na watu wa fiqhi.

Kazi yake ikaonekana kwenye kisa cha Ajinomoto mwaka 2001. Ile ajinomoto ya kukolezea mchuzi, ambayo namba yake ni E621, hutengenezwa kwa kuwatumia bakteria. Iligundulika kwamba kampuni ya huko ilibadilisha chakula cha hao bakteria, ikaweka kilichoandaliwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Nguruwe mwenyewe ndani ya unga hakuwamo. MUI wakasema haramu. Rais Abdurrahman Wahid, naye mwanachuoni aliyewahi kuongoza Nahdlatul Ulama, akasema halali. Bidhaa ikaondolewa madukani, chakula cha bakteria kikabadilishwa, ikarudi.

Unaweza kuwa na MUI au na Wahid, mimi sikuamulii. Lakini tazama: E621 ile ile, pakiti ile ile, iliharamishwa mwezi huu na ikarudi halali baadaye, na namba haikubadilika hata tarakimu moja. Na pande zote mbili tunazijua kwa majina, tunajua walibishania kitu gani, na mwenye kiwanda aliulizwa, akajibu. Kwetu wa kuulizwa amekuwa mwanamke wa ndoo moja.

Msiniambie huku hakuna wa kuuliza. Kenya wana Kenya Bureau of Halal Certification, Tanzania BAKWATA wanatoa vyeti vya halali. Wapo. Kinachokosekana ni sisi kuwaandikia wenye viwanda barua ya mistari mitatu: E471 yenu inatoka kwenye mafuta gani? Barua ya mistari mitatu, jamani, kwenye kikundi kinachojiita cha waandishi! Mimi nimeandika mbili, kwa watengenezaji wawili wa mikate, na nimetia jina langu na sanduku la posta. Zikijibiwa nitaomba nafasi hapa, hata kama majibu yatakuwa yale nisiyoyapenda.

Juzi karatasi imenifikia tena kwenye simu. Hii ni mpya, ina namba zaidi, na kati yake wamo E330, ndimu yetu wenyewe, safari hii imeslimishwa, mbele yake imeandikwa NGURUWE. Nikamuuliza aliyenitumia, mtu mzima namheshimu sana: "Shikamoo mzee, hii umeitoa wapi?" Akanijibu baada ya Isha: "Marahaba. Imetumwa kama ilivyopokelewa."